Kipimo cha Pumzi ya Lori

Jirani yangu anajenga. Kila asubuhi lori linamwaga mchanga mbele ya geti letu, na ule mchanga wa mtoni ukiwa bado mbichi, ukichanganyika na moshi wa dizeli, unatoa harufu inayowafanya wapangaji wenzangu wafunge madirisha wakilalamika. Mimi langu naliacha wazi. Nasimama hapo na kikombe mpaka chai ipoe, mtu mzima mwenye kazi na funguo zake, na kwa muda huo narudi kuwa mtoto wa darasa la tatu kwenye kebini ya lori, nimekodolea macho maji mekundu, namwomba Mungu kitu nisichokielewa.

Wakati huo tulikaa Lindi, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, mimi na Baba, katika chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja kitanda changu, upande wa pili maisha mengine yote: jiko, meza, ndoo za maji na godoro la Baba ambalo mchana lilisimamishwa ukutani. Mama na Baba walikuwa wameachana. Mama alikuwa ameolewa kwingine, mbali, na jina la mahali hapo halikutajwa kwetu ila kwa sauti ya chini. Alichotuachia ni sweta, chupa ya rangi ya kucha, na mimi.

Baba alikuwa fundi wa injini Kawangware. Alitoka asubuhi kwa miguu na kurudi jioni akinuka dizeli, na katikati ya hapo siku yote ilikuwa yangu peke yangu. Nikitoka shule, mwenye nyumba wetu, mama mmoja Mnubi aliyeitwa Mama Hawa, alinipa gurusa, chapati ya Kinubi, iliyobaki asubuhi na kuniuliza kama nina kazi ya shule. Nilisema ninayo hata kama sina, ili nisionekane mtoto asiye na pa kwenda. Kisha niliketi kitandani kusikiliza redio za majirani. Upande wa kushoto walisikiliza mahubiri, upande wa kulia mpira, na mimi katikati nilikuwa nimejifunza kujua saa kwa kelele zao.

Baba hakuwa mkali. Alikuwa tu mtu wa maneno machache, anayetoa neno kama anavyotoa spea, ikihitajika. Aliniita mathe, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na kuna jioni neno hilo ndilo lilikuwa mazungumzo yetu yote. "Mathe." "Baba." Basi, tunakula.

Mama yake huyo mwenyewe, Dani, kama tunavyomwita nyanya kwetu, alikaa nyumbani karibu na ziwa, na siku moja alipiga simu. Simu ya Baba ilikuwa imeharibika, haisikiki mpaka uiweke sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia kila kitu nikiwa nyuma ya pazia. Dani alisema msichana anakua. Alisema kwetu msichana halali chumba kimoja na babake, na pazia si ukuta. Wasichana wote wa boma hulala kwa nyanya yao, mbona huyu awe tofauti? Alete mtoto.

Baba aliisogeza simu mdomoni. Kisha akasema, "Nitatafuta nyumba, mama."

Jioni ileile alinieleza, na kwa Baba ile ilikuwa hotuba. "Kuna lori ya Mama Shiro, ile ya mchanga. Haipandi mlima. Nikiitengeneza ikapanda, atanipa zile zake zingine zote nizitengeneze. Tutachukua nyumba ya vyumba viwili. Wewe chako, mimi changu. Dani hatakuwa na neno."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, utaenda kwa dani."

Sikuwa na ubaya na Dani. Lakini nilikuwa nimeshaona jinsi mtu anavyoondoka kwenye nyumba na nyumba ikaendelea bila yeye. Niliona kwamba nikiondoka mimi, Baba atalisimamisha godoro ukutani kama kawaida, atakunja pazia, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia "Baba" akisema "Mathe." Hilo liliniogopesha kuliko Dani na ng'ombe wake wote.

Mama Shiro alikuwa mwanamke mnene mwenye gambuti na kicheko cha kusikika barabarani. Lori lake, likibeba mchanga, lilikohoa kwenye kilima mpaka watembea kwa miguu wakalipita. Mafundi wengine walimwambia suluhisho ni kufungua pampu na kuongeza dizeli. Baba alikataa. Alisema dizeli bila hewa ni moshi tu, injini ni kitu kinachovuta pumzi, na kabla ya kukata chuma chochote ni lazima ajue lori hili linavuta pumzi kiasi gani. "Kwanza nipime," alisema, na mafundi wenzake wakamcheka kwamba ameanza udaktari.

Kipimo alikitengeneza mwenyewe. Alichukua paipu nyembamba ya plastiki inayoonyesha ndani, akaikunja na kuipigilia kwenye ubao ili ishuke na kupanda tena, akatia maji yaliyokorogwa na unga wa juisi nyekundu. Ncha moja ya paipu aliiacha wazi. Ile nyingine aliipitisha dirishani mpaka nyuma ya kebini, akaichomeka kwenye bomba linalopeleka hewa kwenye injini, baada ya chujio ambalo mafundi wanaliita eya klina. Injini ikivuta, maji yanapanda upande mmoja. Kwa rangi ya kucha ya Mama alichora mistari kwenye ubao, mmoja juu ya mwingine. Halafu akaniambia maneno yaliyonifanya nijione mtu: "Mimi nitaangalia barabara. Wewe utasoma maji."

Hakunieleza maji yakipanda ni nini na yakikaa chini ni nini. Nadhani hakuona haja. Nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa najua. Mtoto gani wa Lindi asiyejua maji? Siku mfereji ukiwa na nguvu, zile paipu za wauza maji zilikakamaa njiani, maji yakaruka juu ya vichwa, na wamama wakatoka mbio na mitungi wakiitana. Siku nguvu ilipokosekana, maji hayakupanda hata kwenye tangi la Mama Hawa lililoinuliwa kwa mawe, na tulilala bila kuoga. Maji yanayopanda ni nguvu. Maji yanayokaa chini ni shida. Hakuna aliyehitaji kunifundisha hilo.

Tulipima Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu na watu wako makanisani. Lori lilijazwa mchanga, Baba akakanyaga mafuta mpaka mwisho, tukaanza kupanda kile kilima kinachotoka mtoni. Kebini ilitetemeka, meno yangu yakagongana, na yale maji mekundu yakainuka mstari baada ya mstari mpaka wa mwisho.

"Yamefika wapi?"

"Juu kabisa, Baba!"

"Kabisa?"

"Mpaka mwisho!"

Alishusha pumzi. "Tuna kazi," alisema.

Nilimwonea fahari. Nilifikiri, huyu ni mtu asiyeridhika, lori limefika mstari wa mwisho na bado anataka zaidi. Jumatatu nikitoka shule nilichukua ile rangi ya kucha na kuchora mstari mwingine juu ya yote, mnene kuliko wenzake, ili maji yawe na pa kufika. Baba aliuona. Aligusa ubao kwa kidole, akaniangalia, akatabasamu kidogo, akaenda kunawa. Nikajua tumeelewana.

Wiki zilizofuata alikata na kuchomelea. Alitafuta eya klina kubwa ya lori lililokufa, akatengeneza bomba pana kuliko lile la zamani, akalipandisha juu ya kebini ambako vumbi halifiki. Jumamosi alinichukua nikae gerejini. Niliketi juu ya tairi na kutazama cheche mpaka Baba aseme, "Usiangalie moto." Watoto wa Kawangware walicheza katikati ya uwanja na hawakuniita. Walikuwa wamezoeana, na mimi nilikuwa mtoto wa Jumamosi tu. Nilijifanya nina kazi. Niliupangusa ule ubao kwa upindo wa sketi yangu, na wakati hakuna anayesikia niliyasemesha yale maji. Niliyaambia mambo ya shule. Niliyaambia kuhusu vyumba viwili. Mtu akiwa mpweke vya kutosha hata maji ya juisi yanakuwa rafiki, na sioni haya kusema hivyo leo, maana yalinisikiliza vizuri kuliko watu wengi niliokutana nao baadaye.

Tulipopima mara ya pili, maji yaliishia katikati. Nilisugua macho nikadhani sijaona vizuri.

"Yamefika wapi?"

"Hapo kati," nilisema, kwa sauti ndogo.

Baba akaanza kupiga mluzi. Mara ya mwisho kumsikia akipiga mluzi ilikuwa wiki Mama alipoondoka, alipokuwa akiosha vyombo usiku na kuzunguka chumbani hajui la kufanya. Kwa hiyo nilijua maana yake. Nilijua anaumia ndani na hataki nione, na mluzi ule ulinifuata mpaka nyumbani.

Kuanzia hapo nilianza kuaga. Nilimpa msichana wa chumba cha pili kamba yangu ya kuruka, nikamwambia ni mkopo tu. Niliangalia pazia letu, maua yake yaliyofifia, nikajaribu kuyakariri. Mama Hawa aliniuliza mbona sili gurusa, nikasema tumbo. Usiku nilimsikiliza Baba akigeuka upande wake na nikataka kumwambia asijali, nitakuwa nikimpigia simu. Lakini sisi hatukuwa watu wa kuambiana vitu kama hivyo.

Jumapili ya mwisho Mama Shiro alitutangulia kusimama juu ya kilima na mwavuli wake, ajionee. Baba alikuwa amevaa shati safi. Alipiga moto, akaniangalia, akasema, "Soma vizuri, mathe." Lori likashika mlima. Nakumbuka sauti yake ilikuwa nyingine, nene, na miti ilipita haraka, lakini mtoto aliyepewa kazi ya kusoma maji hasikilizi injini wala haangalii miti. Niliangalia maji. Yalicheza kidogo, yakasogea kama yanayotaka kuinuka, yakatulia chini ya mstari wa kwanza. Ule mstari wangu mnene ulikuwa mbali huko juu, na mimi niliyasihi kwa moyo wote yapande, hata kidogo, hata nusu.

"Soma."

"Hayajapanda."

"Sema tena?"

"Hayajapanda, Baba. Yamekaa tu chini."

Alipiga usukani kwa kiganja, kwa nguvu. Hapo ndipo nilipoanza kulia. Nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia hata Mama alipoondoka, na mdomo wazi, bila sauti, nikitafuta hewa. Tulifika juu. Baba alizima injini, akanigeukia mwili mzima, mdomo wake tayari umefunguka kusema neno. Akanikuta hivyo.

"Unalia nini?"

Nilifuta uso kwa mkono wa sweta la Mama.

"Unafikiria mambo ya dani?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ningefikiria nini kingine?

Aliangalia mbele, kwenye kioo. Mama Shiro alikuwa anakuja akishikilia sketi yake, anaita kitu kwa Kikuyu, na Baba akafungua mlango akashuka. Mimi nililala kitini nikajifunika sweta la Mama kichwani. Sikuona walichofanya wala kusikia walichosema. Aliporudi aliufunga mlango. Kisha akasema, polepole, "Sawa, mathe. Utaenda."

Shule zilipofungwa alinipeleka. Kwa Dani kulikuwa na wasichana wa ami zangu, tulilala safu moja na kucheka mpaka Dani atishie kutuchapa, na kila mtu alinipenda. Nililelewa vizuri, sitaki mtu adhani vingine. Ila nilikuwa na watu wengi na sikuwa na mtu. Jumapili Baba alipiga simu. "Umekula?" "Nimekula." "Shule?" "Iko poa." Krismasi alikuja na mkate na sukari, akaketi na wazee, akanishika bega, akarudi Nairobi. Kila mara nilingoja aseme nifunge nguo turudi. Hakusema. Nami sikuomba, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo: lori likikataa, nitaenda. Lilikataa. Nililichukia lori lile miaka yote ya shule, kisha polepole, bila kupanga, nikaanza kumchukia kidogo na yeye. Lori moja tu? Hakungekuwa na lori lingine Nairobi nzima?

Niliporudi mjini kwa chuo, na baadaye kazi, alikuwa amehamia Kawangware, nyumba ya vyumba viwili. Nilimtembelea mara mojamoja. Chumba kimoja alilala, kingine alijaza vyuma vyake mpaka mlango haufunguki vizuri. Nilifikiri, sawa, hatimaye mambo yalimnyookea, mimi nikiwa sihitajiki tena. Tulikunywa chai tukaulizana hali ya hewa. Gerejini sikukanyaga hata siku moja.

Mwezi uliopita alinipigia kutoka gerejini nikiwa nimepita kwake. Alikuwa amesahau miwani nyumbani, ningeweza kumpelekea? Nilienda nikiwa nimekasirika kidogo, bila sababu. Nilimkuta ameinama kwenye kebini ya lori la mtu, na dereva, kijana wa Silanga, kulekule Kibera, amekaa kitini akionyesha ubao. Paipu ileile, au mjukuu wake. Maji mekundu.

"Fundi, cheki vile maji imepanda!" dereva alikuwa akisema. "Hiyo si ni nguvu?"

Baba alicheka. "Wewe umezoea maji ya mtungi. Hii ikipanda ni mbaya. Injini inavuta hewa na haipati, kama mtu ananyonya soda na mrija umekunjwa. Ikikaa chini ndio poa. Hapo inapumua bila shida."

Nilisimama na miwani mkononi. Nilishika mlango wa lori.

"Baba," nilisema. "Lori ya Mama Shiro. Siku ile maji hayakupanda."

Aligeuka. Hakuniuliza natoa wapi habari hizo za kale. "Hayakupanda hata kidogo," alisema, na uso wake ukawa wa kijana. "Sijawahi kutengeneza gari ikatoka hivyo. Alinipa zote, zile zingine."

"Sasa mbona ulinipeleka?"

Alichukua kitambaa akaanza kupangusa mikono, kidole kimoja kimoja. Dereva alishuka taratibu akaenda kusimama mbali.

"Si ulilia," Baba alisema. "Nilikuwa nimeshachukua nyumba. Hii ninayokaa. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, nikasema nitakupa tukifika juu. Nikageuka nikupe, nikakuta unalia vile. Nikakuuliza ni mambo ya dani, ukasema ndio. Nikajua umechoka kukaa na mwanaume asiyeongea. Nikasema nisikulazimishe."

"Nililia kwa sababu maji hayakupanda."

Hakunielewa mara moja. Aliniangalia, akaangalia ule ubao, akaniangalia tena. Kisha akaketi juu ya tairi, mzee mzima, na kile kitambaa kikaanguka. Nilikiokota. Niliketi kwenye tairi la pili, tukakaa hivyo mpaka dereva akarudi kuuliza kama gari lake litaisha leo.

"Kesho," Baba alimwambia.

Tulifunga mapema tukaenda kwake. Hakuweka chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha pili, akasukuma mlango kwa bega, akaanza kutoa vyuma: vichwa vya injini, mabomba, springi, mabati yaliyokunjamana. Nilivua viatu vyangu vya ofisi nikamsaidia. Tulipanga kila kitu nje ukutani, majirani wakituuliza kama tunahama, mpaka tukaona sakafu, na dirisha dogo ambalo sikujua lipo, linaloangalia mtaani.

"Kitanda nilikuwa nimenunua," alisema, amesimama mlangoni, jasho likimtoka. "Nilikikalisha hapa muda, halafu nikampa mtu. Samahani."

"Hakuna neno."

"Kuna lile godoro langu. Mimi naweza kulala kwa kiti." Alipangusa paji la uso, akaangalia pembeni, kisha akaniuliza swali ambalo hakuwa ameniuliza tangu nirudi Nairobi. "Leo utalala?"

Nyumbani kwangu nilikuwa nimeacha nguo kwenye kamba, na kesho yake nilikuwa na mkutano asubuhi.

"Nitalala, Baba," nikasema.